Kuandaa Tamasha la Filamu za Kigiriki Ughaibuni: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Melbourne

Tamasha la filamu za Kigiriki ughaibuni huwa na watazamaji wa aina mbili, na kazi yote ya mwandaaji ni kuwaketisha safu moja. Yupo bibi aliyeshuka meli kwenye gati la Station Pier, Port Melbourne, miaka ya 1950 au 1960, anayetaka kuwaona tena waigizaji aliowapenda akiwa msichana. Yupo mjukuu wake, mzaliwa wa Australia, ambaye Kigiriki chake kimekomea kwenye salamu na majina ya vyakula, na ambaye amevutwa na filamu mpya za Athene zilizoanza kuzungumzwa kila mahali baada ya Yorgos Lanthimos kutwaa tuzo ya Un Certain Regard huko Cannes mwaka 2009. Ukimwandalia bibi peke yake, tamasha litaondoka na kizazi chake. Ukimwandalia mjukuu peke yake, utakosa tiketi za kulipia ukumbi, na kibaya zaidi, utakuwa umemfungia mlango mwenye nyumba.

Tumechukua Melbourne kwa mfano kwa sababu Wagiriki wake ni wengi na wa siku nyingi: chama chao cha jumuiya kilianzishwa mwaka 1897, na mji tayari una tamasha lake la filamu za Kigiriki, kama ilivyo San Francisco, Los Angeles na Berlin. Hatua zilizo hapa zinafaa mji wowote. Utakachobadilisha ni tarehe, saa na sheria za nchi.

KALENDA KWANZA

Kwa Melbourne, mwezi mzuri ni Oktoba. Tamasha kubwa la kimataifa la filamu la mji huo hufanyika Agosti na humaliza pesa na macho ya wapenda filamu. Fainali ya AFL, ligi ya kandanda ya Kiaustralia, huchezwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, na Melbourne Cup, mbio kubwa za farasi, hukimbiwa Jumanne ya kwanza ya Novemba. Katikati una kama wiki nne. Wazee wengi husafiri kwenda Ugiriki kati ya Juni na Septemba kukimbia baridi ya Australia, na Oktoba huwa wamerudi. Tarehe 28 Oktoba ni Siku ya Ohi, kumbukumbu ya Ugiriki kumkatalia Mussolini, dikteta wa Italia, mwaka 1940. Usiweke ufunguzi siku hiyo, maana viongozi wa jumuiya watakuwa kwenye sherehe zao, ila filamu ya vita au ya miaka ya Ugiriki kukaliwa na majeshi ya kigeni itapata watu wiki hiyohiyo.

Ukilazimika kufanya Machi hadi Mei, angalia Pasaka ya Kiorthodoksi, ambayo mara nyingi haiangukii siku moja na ile ya Magharibi. Mwaka 2027, kwa mfano, ya Magharibi ni tarehe 28 Machi na ya Kiorthodoksi ni tarehe 2 Mei. Aliyekagua kalenda ya Australia peke yake anaweza kuweka usiku wa ufunguzi katikati ya Juma Kuu la Waorthodoksi, wakati watazamaji wake wote wako kanisani.

Kutoka Oktoba, hesabu kurudi nyuma miezi kumi na moja. Novemba kuna Tamasha la Kimataifa la Filamu la Thessaloniki, lililoanza mwaka 1960 kama Wiki ya Sinema ya Ugiriki. Hapo ndipo filamu nyingi mpya za Kigiriki huonekana, na soko lake, Agora, ndipo unapokutana na wasambazaji na mawakala wa mauzo. Machi, mji huohuo una tamasha la filamu za hali halisi. Filamu fupi zinatafutwa Drama, mji mdogo wa kaskazini, ambako tamasha lake hufanyika Septemba. Kwa hiyo filamu fupi za tamasha lako la Oktoba zitoke kwenye tamasha la Drama la mwaka uliotangulia, la sivyo utakuwa unakimbizana na waongozaji wiki mbili kabla ya bango kwenda mashineni.

Kisha kuna Agosti. Ugiriki hulala Agosti. Kuzunguka tarehe 15, sikukuu ya Kulala kwa Bikira Maria, ofisi nyingi hufungwa, na barua pepe inaweza kukaa wiki tatu bila jibu. Kila mkataba na kila ahadi ya nakala iwe imekamilika kabla ya tarehe 20 Julai. Mwandaaji mgeni hupanga kuomba haki za maonyesho Agosti kwa sababu kwake ni miezi miwili kabla, na kwa hesabu za kawaida miezi miwili inatosha. Kwa Ugiriki haitoshi.

KUPANGA PROGRAMU

Siku kumi na maonyesho kumi na mawili ni kipimo kinachobebeka kwa timu ya watu wanne au watano. Mgawanyo unaofanya kazi ni filamu ndefu mpya tano, za hali halisi mbili, za zamani zilizokarabatiwa tatu, na kifurushi kimoja cha filamu fupi sita au saba zisizozidi dakika 90 kwa jumla. Hizo ni kumi na moja. Nafasi ya kumi na mbili iache wazi kwa marudio ya filamu itakayojaza ukumbi, na ukumbi uufahamishe mapema kwamba utaamua siku ya tano.

Za zamani ziwekwe Jumamosi na Jumapili saa nane mchana. Wazee hawatoki usiku, hawapendi kuendesha gari gizani, na Jumapili asubuhi wako kanisani, hivyo saa nne asubuhi pia haifai. Filamu mpya ziwe saa moja jioni. Saa tatu usiku iwe ya zile ngumu: za ukimya mrefu, za mwili na ukatili, ambazo sinema ya Ugiriki ya miaka ya karibuni inazo nyingi na nzuri. Usimfiche mzee kilichomo. Kwenye kijitabu andika waziwazi: «ina ukatili», «ina picha za faragha». Bibi akisoma hivyo na bado akaja, amekuja kwa hiari yake, na mara nyingi ndiye atakayeuliza swali bora kuliko wote.

Angalia urefu. Filamu za Theo Angelopoulos ni nguzo ya sinema hiyo, lakini ile yake ya mwaka 1975 kuhusu waigizaji wanaosafiri inakaribia saa nne. Ukiiweka, iwe Jumapili mchana, iwe na mapumziko ya dakika 20, na onyesho linalofuata lisogezwe. Waulize kwanza wenye haki wanaruhusu mapumziko wapi, kisha mpe mwendesha projekta dakika yenyewe kwa maandishi.

Jambo moja ambalo tunalisisitiza: angalau onyesho moja liwe la kuwakutanisha kwa makusudi. Filamu ya zamani inayojulikana, yenye manukuu mapya na safi, tiketi ya mjukuu ikiwa bure anapokuja na mzee. Zaidi ya onyesho jingine lolote, hilo ndilo linalozaa watazamaji wa mwaka unaofuata.

HAKI: NANI HASA NI MWENYE FILAMU?

Kwa filamu mpya, mlolongo ni huu. Mtayarishaji aliyeko Athene huenda ameshamkabidhi wakala wa mauzo haki za dunia nzima, na wakala huenda ameshamuuzia msambazaji haki za Australia na New Zealand. Anayeweza kukuruhusu ni wa mwisho kwenye mnyororo. Ukikubaliana na mwongozaji kwa simu, hata akifurahi kiasi gani, hujapata ruhusa. Swali la kwanza liwe: «Nani ana haki za kuonyesha hadharani Australia, tarehe hizi?» Lipate jibu kwa maandishi.

Ada ya onyesho moja kwenye tamasha huwa kama euro 300 hadi 500 kwa filamu ndefu. Wengine hutaka asilimia ya mapato ya tiketi, wengine kilicho kikubwa kati ya viwili hivyo. Onyesho la marudio huombewa punguzo, mara nyingi nusu, lakini liombe kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya ukumbi kujaa huna tena cha kubishania. Mkataba mfupi utaje: idadi ya maonyesho na tarehe, ukumbi na viti vyake, ada na nani anabeba gharama za benki, nani analipia usafirishaji wa diski, lugha ya manukuu, na kama unaruhusiwa kutumia trela na picha kwenye mitandao.

Chombo cha serikali cha kuomba ushauri na anwani za watayarishaji kimebadilika. Mwaka 2024 Kituo cha Filamu cha Ugiriki kiliunganishwa na EKOME, kituo cha taifa cha picha na sauti, kuwa chombo kimoja, EKKOMED, kwa hiyo anwani ulizozitoa kwenye vijitabu vya zamani huenda hazina mtu. Kwa za zamani, mlango wa kwanza ni Hazina ya Filamu ya Ugiriki, Tainiothiki, iliyoko mtaa wa Iera Odos, Athene. Yenyewe huhifadhi nakala, na kuhifadhi nakala si sawa na kumiliki haki. Utahitaji ruhusa mbili: ya kutumia nakala, na ya mwenye haki.

Filamu nyingi ambazo bibi atazitaja kwa jina zilitengenezwa na Finos Film, studio iliyoanzishwa na Filopimin Finos mwaka 1943 na iliyotawala miaka ya 1950 na 1960. Mkusanyiko wake bado una mwenyewe, na huyo ndiye wa kuombwa. Filamu za watayarishaji wadogo wa wakati huo ni kazi ngumu zaidi, kwani haki zimerithiwa na watoto, wakati mwingine zimegawanyika kwa ndugu watatu ambao hawaongei. Zipe miezi minne.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kudhani filamu ya mwaka 1955 ni ya bure kwa sababu ni kongwe na imejaa intaneti. Kwa sheria za Ulaya, haki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha wa mwisho kati ya mwongozaji, mwandishi wa hadithi ya filamu, mwandishi wa mazungumzo na mtunzi wa muziki. Mwongozaji Michael Cacoyannis alifariki mwaka 2011, kwa hiyo filamu alizoongoza zinalindwa angalau hadi mwisho wa 2081, hata zile za ujana wake. La pili ni kupeleka ombi nchi isiyohusika. Filamu yake maarufu kuliko zote, ile ya Zorba ya mwaka 1964, ilisambazwa na 20th Century Fox na inazungumzwa kwa Kiingereza zaidi. Ombi lake linaelekea Marekani, na kule hujibu taratibu.

MANUKUU

Manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, ndiyo yanayomfanya mjukuu aelewe bibi yake alikuwa anacheka nini. Hapa ndipo matamasha mengi hubana pesa, na hapa ndipo hayafai kubanwa hata kidogo.

Vipimo vya kumpa mfasiri: mistari miwili isiyozidi, kila mstari herufi 40 hivi pamoja na nafasi, kasi ya kusoma isizidi herufi 15 kwa sekunde, na kwa onyesho la wazee na watoto ishuke hadi 12, nukuu isikae chini ya sekunde moja wala kuzidi sekunde sita au saba, kati ya nukuu na nukuu paachwe angalau fremu mbili ili jicho litambue kwamba maandishi yamebadilika. Filamu ya dakika 90 yenye mazungumzo ya kawaida hutoa nukuu 900 hadi 1,200, na vichekesho vya zamani, ambavyo watu wake huongea kama cherehani, huvuka hapo. Mfasiri mzuri anahitaji wiki nzima kwa filamu moja, kisha mtu wa pili asiyejua Kigiriki kabisa aitazame na kuandika kila mahali alipopotea. Huyo wa pili ndiye mjukuu wako. Usimruke.

Kigiriki kina mitego yake. Wa kwanza ni wingi wa heshima: karani humwambia bosi «ninyi», bosi humjibu «wewe», na kichekesho chote kinaweza kusimama juu ya dakika ambapo karani anasahau. Kiingereza hakina tofauti hiyo. Mfasiri atumie cheo na jina la ukoo dhidi ya jina la kwanza, na abadilishe palepale mhusika anapobadilisha. Mtego wa pili ni katharevousa, Kigiriki rasmi «kilichosafishwa» kilichokuwa lugha ya serikali hadi mwaka 1976. Katika filamu za zamani, mwanasheria na mwalimu huongea hicho kwa majivuno, na muuza samaki humjibu kwa lugha ya mtaani. Ukiwafasiri wote kwa Kiingereza kilekile cha kawaida, umeua mzaha. Mwanasheria apewe Kiingereza cha barua za serikali. Wa tatu ni lahaja: Mkupro, Mkrete na Mponto kila mmoja ana yake, na mfasiri wa Athene anaweza asielewe vizuri. Melbourne ina wazee wa pande hizo zote, kwa hiyo mtafute mmoja akae na mfasiri alasiri moja.

Nyimbo nazo zitafsiriwe, zote. Kwenye rebetiko, nyimbo za mitaani za Kigiriki, maneno ndiyo hadithi yenyewe, na mara nyingi mhusika huimba kile asichothubutu kukisema. Pia kuna neno xenitia, maisha ya ugenini pamoja na maumivu yake, ambalo litatokea angalau mara moja katika nusu ya filamu zako. Kiingereza hulihitaji maneno manne. Kubalianeni tafsiri moja ya neno hilo kwa programu nzima, ili mjukuu alitambue likirudi kwenye filamu ya Jumamosi na kwenye ile ya Jumanne.

Sasa kosa la kiufundi linaloharibu maonyesho mengi ya filamu za zamani. Unapewa faili ya manukuu iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya Ulaya, ambako picha hukimbia fremu 25 kwa sekunde. Nakala ya sinema inakimbia 24. Filamu ya dakika 100 sinemani huisha kwa dakika 96 kwenye televisheni. Ukiiweka faili hiyo kama ilivyo, mwanzoni inaonekana sawa, na aliyejaribu dakika mbili tu ataridhika. Kufikia dakika ya kumi maandishi yametangulia kwa sekunde 24, na mwishoni kwa dakika nne nzima. Dawa ni kuzidisha kila muda kwenye faili kwa 1.04167, yaani 25 gawa kwa 24, kisha kukagua mwanzo, kati na mwisho. Kama baada ya hapo bado kuna tofauti isiyobadilika ya sekunde kadhaa, ni nembo ya studio iliyoongezwa au kukatwa mwanzoni. Sogeza faili yote kwa kiasi hicho.

NAKALA NA UFUNGUO

Filamu itakuja kama DCP, kifurushi cha kidijitali cha sinema. Picha hubanwa kwa kikomo cha megabiti 250 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya dakika 100 inaweza kufika gigabaiti 187, na kwa kawaida huwa kati ya 100 na 180. Kuipakua gigabaiti 150 kwenye laini ya megabiti 50 kwa sekunde huchukua karibu saa saba kama hakuna kinachokatika. Anza siku kumi kabla, sio siku mbili.

Diski nyingi za DCP hupangwa kwa mfumo wa Linux. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya Windows, itakuambia diski haisomeki na kukuuliza kama uifomati. Jibu ni hapana, siku zote. Kubofya kitufe kimoja hapo kumefuta filamu nyingi kuliko ajali za usafirishaji.

Jifunze kusoma jina la DCP, maana limejaa habari. F ni picha ya 1.85, S ni pana ya 2.39. Kisha tafuta lugha: EL ni Kigiriki. EL-XX maana yake hakuna manukuu kabisa. EL-EN kwa herufi kubwa ni manukuu ya Kiingereza yanayosomwa na seva kutoka faili, na EL-en kwa herufi ndogo ni yaliyochomwa ndani ya picha. OV ni nakala ya asili iliyokamilika, na VF ni nyongeza isiyoweza kusimama bila OV yake. Kesi ya kila mwaka: wakala anatuma VF yenye manukuu ya Kiingereza, OV imebaki Ulaya. Ukumbi unaingiza, seva inasema kuna sehemu zinakosekana. Omba vyote viwili kwa jina.

Kama DCP imefungwa, utahitaji ufunguo, KDM. Ufunguo hutengenezwa kwa seva moja maalumu, kwa toleo moja maalumu la filamu, na kwa saa maalumu. Kila kimoja kati ya hivyo vitatu kina namna yake ya kuharibika.

Seva: omba cheti cha seva kutoka kwa ukumbi, si namba iliyobandikwa kwenye projekta, na uombe wakuthibitishie onyesho litakuwa ukumbi namba ngapi. Wakihamisha filamu yako kutoka ukumbi wa 3 kwenda wa 5 kwa sababu watu wamezidi, ufunguo hautafungua. Omba funguo za kumbi mbili tangu mwanzo.

Toleo: ufunguo wa OV haufungui VF. Kama unaonyesha yenye manukuu, ufunguo uwe wa VF.

Saa: Athene na Melbourne hazipishani kwa tofauti moja mwaka mzima. Juni ni saa 7. Australia inaposogeza saa mbele Jumapili ya kwanza ya Oktoba, inakuwa 8. Ugiriki inaporudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, inakuwa 9. Tamasha la wiki mbili linaweza kuanza na tofauti moja na kumaliza na nyingine. Ufunguo unaoanza saa sita mchana Athene, siku ya katikati ya Oktoba, kwa Melbourne unaanza saa mbili usiku, na onyesho lako lilikuwa saa moja. Omba dirisha lianze saa 48 kabla ya onyesho na liishe saa 24 baada yake, na andika saa zote kwa UTC, saa ya kimataifa. Dirisha pana linakupa pia nafasi ya kujaribu.

Jaribio lenyewe: dakika kumi za mwanzo, dakika tano za katikati, dakika tano za mwisho, kwenye ukumbi uleule. Kagua kingo za picha, manukuu yasikatwe chini na pazia, na sauti. Filamu nyingi za zamani zina picha ya 1.37, karibu mraba, na lazima zionekane na weusi pembeni. Fundi akizikuza zijaze kioo, vichwa vya waigizaji vitakatika. Sauti zao ni za chaneli moja na zitoke spika ya katikati. Zikitoka kushoto na kulia, maneno yatasikika kama yamo ndani ya pipa. Andika kiwango cha sauti mlichokubaliana, kwa kila filamu, kwenye karatasi inayobaki chumba cha projekta. Uliza pia kama ukumbi una vifaa vya kusikizia kwa wenye usikivu hafifu, na vitangaze, kwani wazee wengi huacha kuja sinema kwa sababu hiyo na hawamwambii mtu.

Mwisho, kwa kila filamu uwe na nakala ya akiba kama faili ya kawaida kwenye kompyuta, pamoja na ruhusa ya maandishi ya kuitumia DCP ikigoma.

UKUMBI NA HESABU

Ukumbi hupatikana kwa njia mbili: kukodi kwa bei moja, au kugawana mapato. Fanya hesabu kabla ya kuchagua. Tuseme kwa onyesho moja kodi ni dola 1,500 za Australia, ada ya filamu 700, na sehemu yake ya gharama za manukuu 300. Jumla 2,500. Tiketi ni dola 20, lakini ukichanganya punguzo la wastaafu na wanafunzi wastani hushuka hadi 17. Ukiwa umesajiliwa kulipa GST, kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 10, dola 1.55 ndani ya hizo 17 si zako, na tozo za kadi zinakula nyingine. Unabaki na kama 15. Ukigawa 2,500 kwa 15, unahitaji watu 167. Kwenye ukumbi wa viti 200 hiyo ni zaidi ya asilimia 80, jambo linalowezekana usiku wa ufunguzi na Jumapili mchana, na lisilowezekana Jumanne. Kwa hiyo kodi siku za ufunguzi na wikendi, na siku za kazi kubali kugawana, hata kama ukumbi unataka asilimia 60. Kodi ya Jumanne ndiyo inayoua tamasha changa.

Daraja la umri lisisahauliwe. Nchini Australia huruhusiwi kuonyesha hadharani filamu isiyopangiwa daraja mpaka iwe na msamaha wa maonyesho, na msamaha huja na masharti ya umri wa wanaoingia. Shughulikia hilo kabla ya kuchapisha kijitabu, ili masharti yachapwe humo.

KUWAITA WATU

Kwa wazee, njia ni gazeti la Neos Kosmos, redio ya Kigiriki ya SBS, tangazo la kanisani baada ya ibada, na vyama vya watu wa asili moja: Wakrete, Wakupro, Wamakedonia, Waponto. Hivi ndivyo vyenye nguvu kuliko tangazo lolote la kulipia. Filamu iliyopigwa Krete ipelekee chama cha Wakrete wiki sita kabla, na uwape bei ya kundi kwa watu kuanzia 20. Watakodi basi wenyewe. Weka namba ya simu ya kununulia tiketi, na mtu anayeongea Kigiriki wa kuipokea. Ukiuza kwa intaneti pekee umeshawapunguza.

Mabango yaandikwe kwa alfabeti mbili, na jina la filamu kwa Kigiriki liwe kubwa sawa na la Kiingereza. Yabandikwe kwenye mikahawa ya Eaton Mall, Oakleigh, na mtaa wa Lonsdale. Kwa vijana, nenda shule za Kigiriki za Jumamosi na idara za filamu za vyuo vikuu, ukibeba trela za filamu mpya.

USIKU WA UFUNGUZI

Mlango saa kumi na mbili na nusu jioni, filamu saa moja na robo. Hotuba zitakuwepo, kwani halmashauri ya mji, kanisa, chama na mdhamini wote wana haki ya kusikika. Ziwe nne, dakika tatu kila moja, na mpangilio upelekwe kwa wote wiki moja kabla kwa maandishi. Chakula na ouzo, kileo cha Kigiriki, viwe baada ya filamu. Vikitangulia, robo ya ukumbi itaingia picha ikiwa imeshaanza.

Ukiwa na mgeni kutoka Ugiriki, usimpandishe jukwaani siku aliyotua. Mpe usiku mbili. Mkalimani wa maswali na majibu akae kushoto kwake, awe na kalamu, na afasiri kila baada ya sentensi mbili au tatu. Maswali yaelekezwe pande zote mbili: moja kwa Kigiriki, linalofuata kwa Kiingereza, hadi dakika 25 ziishe. Mwendesha kipindi asipofanya hivyo, wazee watachukua maikrofoni kusimulia kijiji chao, na vijana watatoka kimya kimya.

Kila onyesho liwe na mtu mmoja aliyeketi safu ya nyuma dakika kumi na tano za kwanza, mwenye namba ya simu ya chumba cha projekta. Kazi yake ni kuona manukuu yanalingana na midomo.

Asubuhi baada ya siku ya mwisho, kusanya diski zote, ziandike kwa namba, na uzirudishe kwa huduma yenye ufuatiliaji. Ukumbi ufute nakala kwenye seva na kukuthibitishia. Ndani ya siku 30 mpelekee kila mwenye haki ripoti ya idadi ya watazamaji na mapato pamoja na malipo yake, kabla hajakumbusha. Novemba imeshafika, na utakutana naye tena Thessaloniki.